Akianguka Mmoja

Katika Tekken Tag Tournament, gemu ya Namco ya mwaka 1999, unachagua wapiganaji wawili, lakini ulingoni anasimama mmoja. Mwenzake anasubiri nje. Kitufe kimoja kinawabadilisha, na anayepumzika hurudishiwa polepole sehemu ya damu aliyopoteza. Kisha inakuja sheria iliyonifanya niipende gemu hii kuliko zote: damu ya mmoja ikiisha, raundi imekwisha. Mwenzake anaweza kuwa mzima kabisa, haisaidii kitu.

Linganisha na The King of Fighters '94 ya SNK. Kule timu ina watu watatu, ila ni foleni: akianguka wa kwanza, anaingia wa pili. Unaweza hata kumtanguliza dhaifu akawachoshe wapinzani. Kwenye Tekken Tag hakuna wa kutolewa kafara. Ustadi ni kujua utoke lini.

Mimi sikujua. Banda la gemu la mtaani kwetu lilikuwa na PlayStation 2, na mimi na kaka yangu tulichanga hela tukalipia nafasi moja. Kila mmoja alikuwa na mpiganaji wake. Tukibadilisha, na padi inahama mikono. Nikizidiwa, kaka alinyoosha mkono: "Lete." Nami nikajibu, "Subiri kidogo." Tulishindwa mara nyingi damu yake ikiwa imejaa.

Na gemu ilikuwa inatuonyesha. Ukipigwa sana, mstari wa damu wa mwenzako anayesubiri humetameta: amekasirika, na akiingia wakati huo mapigo yake yanaumiza zaidi. Kadiri nilivyopigwa, ndivyo kaka alivyopata nguvu ambazo sikumruhusu azitumie.

Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida wapiganaji wote wawili wako mikononi mwa mchezaji mmoja, hivyo kupokezana hakumgharimu fahari yoyote. Sisi, kwa kukosa hela ya nafasi mbili, tulicheza gemu ngumu zaidi ya ile iliyotengenezwa.

Nilidhani nimeielewa. Mwaka wa pili chuoni nilikosa ada, nikanyamaza muhula mzima, nikiamini nitajipanga mwenyewe. Nilipomweleza kaka, tayari nilikuwa nimezuiwa kufanya mitihani. Aliuliza tu ni kiasi gani. Zaidi ya nusu alikuwa nayo tangu mwanzo.