Bao la Mninga

Nyanda za Juu Kusini hazina shida ya mbao. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, limeijaza Iringa paina. Hata hivyo, fundi anayetaka kuchonga bao la kurithiwa huutafuta mninga, mti wa miombo, kwa sababu paina ni laini na mashimo yake huchakaa mapema.

Uchongaji hauna haraka. Fundi huchora safu nne za mashimo manane, kisha hufukua shimo moja moja kwa patasi hadi yatimie 32. Yote yawe na kina kimoja, na ndani yalainishwe kwa msasa, ili vidole vizoe kete zote kwa mkupuo mmoja. Kila upande shimo moja huchongwa la mraba: hilo ndilo nyumba.

Kete ni 64, kila mchezaji 32. Pwani hutumia mbegu za mkomwe. Bara hata kokoto zinafaa. Katika bao la Kiswahili, kila mmoja huanza na kete sita nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Hatua hii ya kwanza huitwa namua. Mchezaji huweka kete moja kwenye shimo lake la mbele lenye kete. Likitazamana na shimo la mpinzani lenye kete, anakula. Alichokula hukitawanya kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, moja moja. Kete ya mwisho ikimwezesha kula tena, anaendelea. Ikiangukia shimo tupu, analala, yaani zamu yake inaisha. Kete za mkononi zikiisha, huanza hatua ya pili, mtaji.

Kuvuka mto Songwe kutoka Kyela ni kuikuta Malawi na bawo yake, ndugu wa damu wa bao letu. Waganda wana omweso, wenye mashimo na kete idadi ile ile, ila humo hata safu ya nyuma huliwa.

Bao si mchezo wa bahati kama ruleti, ambako uamuzi ni wa kigololo. Katika bao kila kete iko wazi mbele ya wote wawili. Gwiji huiona safari nzima ya kete kabla hajanyoosha mkono, na hapo ndipo heshima yake ilipo. Anayetaka kufika huko aanze na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, akae na wazee, akubali kufungwa mara nyingi.