Jinsi Programu ya cat Inavyolalamika

Sura ya 7 ya The C Programming Language, kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie (toleo la pili, 1988), ina programu fupi iitwayo cat. Kazi yake ni kupokea majina ya faili kwenye mstari wa amri na kumwaga yaliyomo, moja baada ya jingine. Waandishi wameiandika mara mbili.

Uzuri wake wa kwanza umo katika alama mbili ndogo. Kitanzi kinachopitia majina hayo kinapunguza argc (idadi ya hoja) kwanza ndipo kipime, kinasogeza argv (orodha ya hoja) kwanza ndipo kisome: --argc, kisha *++argv. Kwa hiyo argv[0], ambayo ni jina la programu yenyewe, inarukwa bila sharti lolote la ziada. Andika *argv++ uone: programu itajaribu kujifungua yenyewe, na faili la mwisho halitaguswa kabisa. Wanafunzi wengi hukesha wakilitafuta kosa hili kwenye fopen, inayofungua faili, na fopen haina hatia.

Katika andiko la kwanza, lalamiko la faili lisilofunguka linapita kwenye printf, mkondo uleule wa data. Mtumiaji akielekeza matokeo kwenye faili jingine, onyo linazama humo na skrini inabaki tupu. Andiko la pili linalipeleka stderr, mkondo wa makosa, tena likitanguliwa na argv[0]. Jina lililorukwa na kitanzi sasa limekuwa sahihi ya mlalamikaji: programu tatu zikiungwa kwa bomba, unajua ipi imekwama. Hapo ndipo umbo la programu hii linapokomaa.

Hata hivyo, lalamiko lenyewe ni nusu. Linasema faili halikufunguka, halisemi kwa nini. Je, halipo? Ruhusa imekosekana? Kwenye Unix, fopen ikishindwa huacha sababu ndani ya errno, lakini cat hii haiitazami. Isitoshe, faili moja likigoma, programu inajifunga papo hapo na yaliyofuata hayasomwi, ilhali cat halisi ya Unix huendelea na yaliyobaki. Kwa kitabu kinachoigwa na wanafunzi neno kwa neno, naona hizo ni kasoro za kweli.

Basi ukiiga cat hii, ongeza strerror(errno) kwenye onyo lako, na uisome errno kabla hujaita kitu kingine, maana wito unaofuata unaweza kuibadilisha.