Mwendawazimu katika Sanaa Yetu

Lugha yetu haina uhaba wa majina ya kumwita mtu aliyeugua akili: mwendawazimu, kichaa, mwehu, majinuni, punguani, chizi, hamnazo. Tukiyachunguza majina haya tunaona kwamba karibu yote yanahukumu, na ni machache mno yanayotaja maradhi. Majinuni ametoka kwa majini. Mwendawazimu ana undugu na mzimu. Hata majina ya hospitali tumeyageuza matusi. Mirembe ya Dodoma imekuwa ikipokea wagonjwa tangu 1927, lakini mtu anayemwambia mwenzake aende Mirembe hamtakii tiba. Wenzetu wa Unguja nao wanayo Kidongo Chekundu.

Je, sanaa yetu imefanya nini juu ya hali hii? Yeyote aliyeketi katika vibanda vya video huko Gongo la Mboto, vile ambavyo vijana huviita vibanda umiza, anamfahamu mwendawazimu wa filamu zetu. Huvishwa matambara, nywele zake timutimu, na watoto wakamfuata nyuma wakizomea. Hana jina, hana mama, wala haulizwi aliugua lini. Akiisha kuchekesha huondolewa. Mara nyingine huletwa kama adhabu: aliyedhulumu mali ya ndugu yake anafanyiwa dawa, na mara tunamwona sokoni akiokota makopo. Kwa maoni yetu adhabu hii ni mbaya kuliko kile kicheko, kwani inamfundisha mtazamaji kwamba kila aokotaye makopo alistahili. Na mtazamaji huyo, akitoka kibandani, ndiye mwenye nyumba anayemnyima mgonjwa chumba. Ndiye mjomba anayevunja posa kwa sababu katika ukoo ule kuna mtu aliwahi kurukwa na akili.

Waandishi wetu wa miaka ya 1970 walikwenda mbali zaidi. Katika Mashetani (1971), Ebrahim Hussein anawaweka Juma na Kitaru chini ya mbuyu wakicheza mchezo wa shetani na binadamu, na mchezo huo unamwachia Kitaru maradhi. Wahakiki wengi wameusoma mchezo huu kama fumbo la ukoloni mamboleo, nao hawakukosea. Hata hivyo, katika kulifumbua fumbo wamemsahau mgonjwa. Kijana anateseka mbele ya macho yetu, nasi tunajadili uchumi!

Euphrase Kezilahabi aliipa riwaya yake ya 1974 jina la tusi, Kichwamaji, kisha akampa Kazimoto nafasi ya kusimulia mwenyewe. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hiyo. Msomaji hamtazami Kazimoto kutoka ng'ambo ya barabara. Yumo ndani ya mawazo yake, anamfuata hatua kwa hatua, hata anapofikia kujiua msomaji hawezi tena kulitamka lile tusi kwa wepesi. Mwalimu anayewauliza wanafunzi kama Kazimoto ni kichaa au si kichaa anawarudisha kule kule kibandani. Afadhali awaulize ni nani katika riwaya aliyemsikiliza.

Sheria nazo zimekwenda kwa mwendo wake. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 iliondoa ile tuliyoirithi kutoka enzi za ukoloni, lakini Katiba ya 1977, katika ibara ya 5, inaruhusu Bunge kumzuia raia kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto yalilipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa. Wakazi walikimbia gizani wasijue waendako, wazazi wakapotezana na watoto, na maelfu wakahifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru. Hofu ile ilikuwa ya wote na kishindo chake kilisikika mbali, basi nani angemwita mwenzake kichaa? Mwandishi atakayekuja kuandika juu ya kitongoji hiki anayo hapo mada kubwa: mtu ambaye hofu ya usiku ule haikumtoka, ambaye hata leo mlango ukibamizwa hutimua mbio, na majirani waliokimbia naye bega kwa bega sasa wanamcheka. Tungependa kumsoma mtu huyo akiwa na jina, akiwa na mama, akisimulia mwenyewe.