Herufi "n" Mbele ya Mashine: Uhakiki wa Majaribio ya Programu za Mazungumzo

Wanaisimu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na tafsiri. Makala haya yanakusudia kuhakiki maandishi ya aina nyingine: maswali ambayo programu ya kompyuta humwuliza mtumiaji mstari kwa mstari, ikingoja jibu kabla ya kuendelea, pamoja na majaribio ambayo kwayo programu hiyo hukubaliwa kuwa imekamilika.

Chombo mashuhuri cha kuyafanya majaribio hayo bila mkono wa mtu ni Expect, kilichotolewa mwaka 1990 na Don Libes wa taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani. Expect hukaa mahali pa mtumiaji: huianzisha programu, hungoja maneno fulani yatokee, kisha hupeleka jibu. Juu yake ilijengwa DejaGnu, inayotumika kuijaribu GCC. Sifa yake si ndogo, kwani kazi ambayo ingemchosha mtu kutwa nzima hurudiwa kila inapohitajika bila kosa la uchovu.

Hata hivyo, Expect hulinganisha maumbo, haifahamu maana. Ndiyo sababu majaribio ya GCC huanza kwa kuilazimisha programu itumie lugha yake ya msingi, yaani Kiingereza, ili ujumbe ulingane na ule unaongojwa. Kwa mhandisi huo ni utaratibu wa kurahisisha kazi. Kwa mwanaisimu maana yake ni kwamba tafsiri za lugha nyinginezo hupita bila kuguswa na majaribio hayo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa kituo cha afya huko Burungu, katika milima ya Masisi, anaulizwa kama orodha ya wagonjwa ifutwe. Kompyuta alijifunza kwa Kifaransa, na humo n ni "non". Lakini ikiwa programu imetafsiriwa kwa Kiswahili na hupokea herufi ya kwanza ya jibu, n ni "ndiyo". Kidole kilichokusudia kuilinda orodha kimeifuta. Tena, karani akitaka kukataa kwa Kiswahili, huenda asibonyeze h, kwa kuwa katika mazungumzo ya mashariki ya Kongo sauti hiyo mara nyingi hudondoshwa, na watu husema "apana". Jaribio la Kiingereza, linalopeleka n na kuikuta orodha ipo, litafaulu siku zote, wala halitatuonya.

Kasoro ya pili ni ya upatanisho wa kisarufi. Mtunga programu huandika kiunzi kimoja, "… imefutwa", akaacha nafasi ya jina. Kwa "orodha" sentensi ni sahihi. Kwa "kitabu" imeharibika, maana ilipasa kuwa "kimefutwa". Jaribio lenye neno "orodha" peke yake halitaiona kasoro hiyo.

Wako watakaosema kwamba menyu za namba katika simu, kama zile za M-Pesa iliyoingia Kongo mwaka 2012, zimemaliza tatizo. Ni kweli kwamba 1 haina utata wa n. Lakini swali lenyewe bado ni sentensi, na asiyelielewa hubonyeza kwa kubahatisha.

Kwa maoni yetu, lawama si ya chombo, kwa sababu Expect inaweza kupewa maumbo kadhaa ya jibu kwa mara moja. Lawama ni ya wanaoandika majaribio. Kwanza, wapime tendo badala ya neno: je, orodha bado ipo? Pili, kila jaribio lirudiwe katika kila lugha ambayo programu inadai kuizungumza. Tatu, swali lenye hatari lidai neno zima, si herufi moja.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Basi tunawaalika wenzetu wa idara za kompyuta watuite wakati majaribio yanapoandikwa, wasingoje hadi tafsiri imekwisha kukabidhiwa kwa karani wa Burungu.