Ustadi wa Kupotea Jukwaani

Wachekeshaji wengi wa jukwaani huandika kwanza. Jerry Seinfeld wa Marekani huikalia sentensi moja muda mrefu, akipunguza neno hapa na silabi pale, hadi kicheko kidondoke pale alipokitaka. Namheshimu. Lakini ninayemhusudu ni Billy Connolly wa Scotland, aliyezunguka kumbi za dunia miaka na miaka bila mswada, akiongea saa mbili na zaidi, na watu wakatoka wameshika mbavu.

Fani hiyo hakuisomea popote. Alizaliwa Glasgow mwaka 1942, akajifunza kuchomelea vyuma katika karakana za meli kando ya mto Clyde. Huko, asiyejua kujibu utani alitaniwa mpaka saa ya kutoka kazini. Alipoacha vyuma akashika banjo, akapiga muziki katika kundi la The Humblebums pamoja na Gerry Rafferty. Kati ya wimbo na wimbo alipiga soga. Soga zikanenepa, nyimbo zikakonda, na mwishowe hadhira ikawa inakuja kwa ajili ya soga. Mwaka 1975 Michael Parkinson akamwalika katika kipindi chake cha BBC, na Uingereza nzima ikamjua.

Ustadi wake hasa ni kuchepuka. Anaanza kisa cha mtu ndani ya basi. Koti la mtu huyo linamkumbusha shangazi, shangazi anamkumbusha shule, na shuleni kuna mwalimu ambaye lazima amwigize, sauti, mwendo na yote. Katikati anacheka mwenyewe kabla ya kusema kinachochekesha, nasi tunacheka kwa sababu yeye anacheka. Basi tumeshalisahau. Halafu, bila taarifa, abiria yule anashuka kituoni, na ukumbi unalipuka. Anayedhani hiyo ni bahati ajaribu kusimulia visa vitatu kwa pamoja mbele ya watu elfu mbili waliolipa kiingilio.

Matusi yalikuwa mengi, sikatai; si mtu wa kumtazama ukiwa na wakwe. Na kisa chake cha Karamu ya Mwisho, alichokihamishia Glasgow, kiliwakera Wakristo kadhaa. Ila kwa kawaida hakuwadhihaki wanyonge. Aliyechekwa zaidi alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa ana ugonjwa wa Parkinson, jina lilelile la aliyemtambulisha kwenye televisheni, na hilo nalo akalifanyia mzaha. Akaendelea kuzunguka, akiuonyesha umati mkono wake wa kushoto unavyojikunja bila ruhusa. Alipewa hadhi ya Sir mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikajulikana kuwa hatapanda tena jukwaani.

Anayetaka kumjua aanze na An Audience with Billy Connolly ya mwaka 1985, na asiruke hata dakika moja, hasa pale atakapodhani msimulizi amepotea.