Upokezi wa Albamu ya Kwanza ya Black Sabbath: Mhakiki na Upeo Wake wa Matarajio

Albamu iitwayo *Black Sabbath*, ya bendi yenye jina hilohilo, ilirekodiwa London kwa siku moja, Oktoba 1969, na kutolewa Uingereza tarehe 13 Februari 1970. Wanunuzi waliifikisha nafasi ya 8 Uingereza na ya 23 Marekani. Wahakiki hawakuwa na shauku hiyo. Katika *Rolling Stone*, Lester Bangs aliiona kuwa mwigo hafifu wa bendi ya Cream. Robert Christgau naye aliipa alama duni. Watetezi wa hevi metali wamezoea kuitaja hukumu hiyo kama ushahidi wa uziwi wa wahakiki. Mtafiti haafikiani nao kikamilifu.

Kwa mujibu wa Hans Robert Jauss, kazi mpya hupokewa ndani ya upeo wa matarajio uliojengwa na kazi zilizotangulia. Upeo wa Bangs ulikuwa roki yenye mizizi katika bluzi, ambamo mpiga gitaa hupimwa kwa ubunifu wa papo kwa papo. Kwa kipimo hicho, upande wa pili wa santuri unastahili lawama. “Warning”, wimbo wa kuazima, unazidi dakika 10, na sehemu kubwa ni gitaa la Tony Iommi likizunguka bila kufika popote. Hapo Bangs alisikia sawasawa.

Kilichompita ni wimbo wa kwanza. Baada ya mvua, radi na kengele, Iommi anapiga noti tatu tu: ya kwanza, oktava yake, kisha noti iliyo katikati kamili ya hizo mbili, nusutoni sita kila upande, isiyotulia. Zinarudiwa polepole mno, hadi kungoja kwenyewe kunakuwa fani. Atakayetafuta hapo wepesi wa vidole vya Eric Clapton atakuta utupu, naye atauita upungufu.

Watetezi hao aghalabu hawaelezi kwa nini Bangs huyohuyo, mwaka 1972, aliandika katika *Creem* makala marefu akiwatazama Black Sabbath kama wanamaadili. Albamu haikuwa imebadilika. Zilikuwa zimetoka *Paranoid* na *Master of Reality*, na kwa maoni ya mtafiti ndizo zilizompa msikilizaji upeo wa kuirudia ile ya kwanza. Hata kwa masikio hayo mapya, “Warning” bado ni ndefu mno.