Kumngojea Mtoto Ajibu

Bibi Mary Budd Rowe wa Marekani alisikiliza masomo ya sayansi yaliyonaswa kwa mashine katika shule za watoto, akatoa habari zake mwaka 1974. Aliona kwamba mwalimu akiisha kuuliza hungoja kama sekunde 1 tu. Akingoja 3, majibu hurefuka, na wanyamavu husema. Hayo twayakubali. Lakini lililotuchoma ni jingine: watoto waliodhaniwa wazito walingojewa muda mfupi kuliko wepesi! Mwenye mzigo mkubwa ndiye aliyeharakishwa. Walakini sekunde 3 zisifanywe sheria katika shule za kwetu. Mtoto aliyelelewa kwa Kigogo, aulizwapo kwa Kiswahili, hutafuta kwanza jibu, kisha maneno ya kulivika. Naye pengine hata 5 hazimtoshi.